Upande Mzito

Kwanza nililaumu barabara.
Nikalaumu springi, nikalaumu shokapu,
nikamlaumu Sleyum, utingo wangu, kwa kupanga mzigo upande.
Shemegi yangu wa Kengeja akasema nikasomewe.
Nikasomewa. Kombe nikanywa nusu,
nusu nikaimwagia boneti.
Fuso likatetemeka vilevile:
arubaini, kimya; hamsini, usukani waanza kunong'ona;
sitini, meno yanagongana mdomoni
kama vikombe kwenye sinia la mtoto aliyetumwa kwa wageni.

Na mzigo wenyewe vioo.
Vioo vya madirisha ya skuli, kutoka bandarini Mkoani
mpaka Micheweni, kisiwa chote kwa urefu wake.
Kila safari viwili vitatu vinafika unga,
na tajiri hukata kwenye ujira wangu
bila kuuliza kilima kipi kilivunja kipi.

Ndipo nikaenda Ole, kwa Mbarouk Shaame,
karakana ya mabati manne na redio isiyozimwa.
Hakuuliza kitu. Akapiga jeki,
gurudumu la mbele kushoto likaning'inia,
akalizungusha kwa kidole, akakaa kitako kulingoja.
Likaenda, likarudi, likayumba
kama mtu anayetafuta jina la mtu,
likasimama.
Akatia chaki pale chini kabisa.
Akazungusha tena. Chaki ikarudi chini.
Mara ya tatu nikazungusha mimi, kwa hasira,
na chaki ikashuka polepole, ikatulia mahali pake
kama mwenye nyumba.

"Halina ugonjwa," akasema. "Lina upande mzito.
Nani hana?"

Mafundi wa mjini hubandika risasi ukingoni mwa ringi,
vipande vya kijivu, gramu hamsini, gramu mia.
Neno hilo Mbarouk halitaji.
Kuna kaka yake ndani ya neno hilo,
na Januari moja, na kanzu iliyofuliwa mara saba.
Wateja tunajua. Tunasema "vile vidude",
tunaangalia pembeni.

Yeye hutumia gololi.
Gololi za beringi kuukuu, huziosha kwa mafuta ya taa,
huzipima kwa mizani aliyoachiwa na sonara aliyehama Chake,
robo kilo kasoro kidogo,
huzimimina ndani ya tairi, hutia upepo, basi.

"Zitakaa wapi?"
"Popote."
"Nani atazipanga?"
"Mwendo."

Nilidhani ananitania. Tulipoondoka
zikapiga kelele humo ndani, chakara chakara,
kama watoto wa chuoni mwalimu akitoka.
Sleyum akanitazama. Thelathini, kelele.
Arubaini, kelele.
Hamsini
zikanyamaza.
Kila moja imeona pa kukaa,
mkabala na ule uzito, bila kuamriwa,
bila mkutano, bila muafaka wa kutiwa saini.

Nikaachia mkono mmoja.
Babu yangu alinifunza kuhesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane huku, akigonga meza mstari ukichechemea.
Miaka sijatunga. Mdomo ukaanza wenyewe:

*Lami yateleza chini, gari lanyoka shuwari,
Vioo vyalala ndani, havina tena habari,
Usukani mikononi, mwepesi kama hariri,*

na mstari wa nne ukakatwa na ng'ombe
aliyevuka kabla ya Konde, bila salamu.
Breki. Nyuma vioo vikasema *ti*,
vikanyamaza.

Micheweni, mwalimu Raya akahesabu kwa kalamu:
sitini na vinne.
Hakuamini, akahesabu tena. Sitini na vinne.
Mtoto mmoja akabandika pua kwenye kioo cha juu,
akaacha ukungu, akakimbia.

Usiku, nyumbani, nikashika kikombe
na kahawa ikatetemeka.
Hakuna injini. Hakuna barabara.
Miaka kumi na moja mikono imezoea,
haijaambiwa kwamba gari limepona.
Mize akauweka mkono wake juu ya wangu,
sijui gramu ngapi,
akausogeza kidogo,
akangoja,
akausogeza tena.